Kahawa Uliyomkataza Mama

S.L.P. 73,
Isiolo.
20 Mei 1984.

Mpendwa ndugu yangu Hirbo,

Asalaam aleikum. Naanza na salamu kwa sababu Mama alitulea hivyo: hata mtu aliyekuudhi, salamu ni haki yake. U mzima? Ile homa uliyoitaja imekwisha? Sisi hapa tuko wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mvua imetunyima. Mjomba kule Korbesa amebakiwa na ng'ombe wanne tu, na hao kila asubuhi anawainua kwa mkia ndipo wasimame.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Barua yako ilifika Ijumaa ya mwisho ya Aprili. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimempelekea mjomba mahindi. Mama akafanya kama anavyofanya kila ukiandika. Alitandika mikeka, akawaita wanawake wa mtaa waje wasikie habari za mwanawe anayesoma Madina, akabandika buni na samli motoni, ile kahawa yetu ya kutafuna, ili wakuombee baada ya kusoma. Halafu akamwita rafiki yako Ahmednur asome, maana yeye hajui herufi hata moja.

Na huyo Ahmednur, mtu asiyejua kuruka mstari, akasoma yote! Mbele ya wanawake kumi na mmoja akasoma kwamba kahawa ya samli anayoiombea Mama ni shirki, ni kumshirikisha Mungu, kwamba anayeila ametoka katika dini, na kwamba wewe hutatia mkono katika chakula chake mpaka aiache. Kahawa yenyewe iko motoni, Hirbo! Jirani yetu Gakii aliniambia Mama aliinuka, akashika sufuria kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akaimwaga nje. Viganja vikababuka. Wanawake wakachukua viatu vyao mmoja mmoja wakaenda zao.

Wewe una wazimu? Hukuwa na karatasi nyingine ya kuandikia mambo hayo? Ungeniandikia mimi!

Siku unaondoka kwenda kupanda ndege, Mama alikukaangia buni hiyo hiyo. Alitia maziwa, akamwomba Mungu mmoja akufikishe salama, akamwomba kwa Kiborana kwa sababu ndiyo lugha aliyo nayo, akakupaka samli kwenye paji la uso. Ulitafuna, ukaramba na vidole. Siku hiyo shirki hukuiona? Mkataa kwao mtumwa, ndugu yangu, hata akisoma wapi.

Unasema umefurahi kusikia dini inakua Isiolo. Kweli, inakua. Msikiti mpya una spika mbili, na Ijumaa watu wanaswali mpaka barabarani. Kanisa la kina Gakii nalo limepata mabati mapya. Ukihesabu paa, dini imekua sana. Lakini Sahra, yule aliyezika watoto watatu, amejifungua msichana wiki mbili zilizopita. Zamani wanawake wangejaa kwake na buni na maziwa, wamwombee mtoto mpaka sauti zikauke. Safari hii hakwenda mtu. Kila mmoja anaogopa asije akasomwa kwenye barua. Sahra alimpa mtoto jina peke yake, mlango umefungwa. Hiyo ndiyo dini iliyokua?

Na hilo bado si baya zaidi. Mama haswali.

Umesoma vizuri? Mama yetu, aliyekuwa akiamka kabla ya mwadhini, haswali tangu Ijumaa ile. Anasema sala ya kafiri haipokelewi, ya nini kujisumbua. Nimelia, nimegomba, wapi! Nikamleta imamu mwenyewe. Akamwambia kwamba yeye ni Mwislamu safi na hiyo kahawa ni dua tu. Unajua Mama alimjibu nini? Kwamba imamu amesoma hapo Garba Tula tu, Hirbo wake amesoma Madina.

Yaani amekuamini, mjinga wewe! Ulitaka kumtoa kwenye kahawa, umemtoa kwenye swala. Ramadhani imebaki siku kumi na moja, na sijui kama atafunga.

Usimwandikie tena, kwa sababu barua zako hataki zisomwe nyumbani. Tafuta redio ya kaseti uongee kwa mdomo wako, kwa Kiborana, bila kumtolea vitabu. Mwite kama ulivyomwita ukiwa mdogo. Mwombe radhi, umwambie ulikosea. Umpe kaseti hiyo mtu wa kwanza anayerudi Nairobi, mimi nitaifuata. Mimi ningekuachilia mbali na elimu yako, haki ya Mungu, lakini Mama hataki usemwe vibaya. Kila nikianza ananiambia mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi.

Gakii anakusalimu. Mjomba pia anakusalimu, na hajui lolote, sikuwa na uso wa kumwambia. Sahra hakunituma salamu.

Jana nilikuwa namsuka Mama nywele. Akaniuliza, akifa, Hirbo atakubali kumswalia? Hilo nalo ulijibu kwenye kaseti.

Mungu akulinde huko uliko na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Maryan Dabasso