Msihamie Isokawa

Kaka yangu mpendwa Tamotsu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Isokawa, pwani, ambako miti ya cheri imeanza kuchanua na upepo wa bahari bado unakata masikio. Natumaini wewe, wifi Sayoko na watoto, Itsuki na Nagi, mu wazima, na kwamba kikohozi cha Nagi kimemwachia. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri na bado anagombana na televisheni. Mimi nina malengelenge mikononi, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Barua yako ya kusema mnahama Nagano kuja kuishi nasi ilimfanya Baba awe kijana. Amesafisha chumba cha nyuma, ameandika majina ya watoto kwenye mikoba ya dharura na kuining'iniza mlangoni pamoja na yetu. Mtaa mzima umeshaambiwa, hata muuza tofu ambaye hakuuliza.

Jumanne mchana nilikuwa bandani nageuza mwani, upande wa nje wa ukuta wa bahari. Ardhi ikatikisika. Si ule mtikisiko wa kila wiki unaotuacha tukiendelea kunywa chai. Huu ulikuja na ngurumo kutoka chini, vichanja vikaanguka, na nikajikuta nimeshika nguzo. Kabla haujatulia, vipaza sauti vya manispaa vikaanza. Ile sauti ya dada wa ofisini tunayemcheka kila siku kwa kutangaza wazee waliopotea, safari hii ilikuwa inapiga kelele: tsunami, kimbieni juu, kimbieni sasa hivi.

Unajua tulivyolelewa. Kila mtu akimbie kivyake, asimtafute mwenziwe, aamini tu kwamba mwenziwe naye anakimbia. Nyuma ya banda pana ngazi za kuvukia ukuta, na baada ya ngazi ni njia ya kupanda hekaluni. Wenzangu wote walipita huko. Mimi miguu yangu ilikwenda kushoto, kando ya maji, hadi kwenye lango la chuma la ukuta huo. Nilijua Baba yuko pale, kwa kuwa lango lile hulifunga yeye na kikosi cha zimamoto cha mtaa, na nilijua hataondoka.

Nilimkuta peke yake, ameshika gurudumu, lango limefungwa nusu. Wenzake alikuwa amewafukuza waende juu. Aliponiona alinitukana matusi ambayo sikupata kuyasikia kinywani mwake. "Ngazi huzioni? Umekuja kufanya nini huku, mwendawazimu wewe?" Nikamwambia nimekuja kumfuata yeye. Akasema kwamba lango ameliacha wazi kwa ajili yangu, iwapo ngazi zimeanguka. Nikapenya ndani, tukalizungusha lile gurudumu pamoja hadi ngozi ya viganja ikachubuka, kisha tukapanda mlima. Nyuma yetu nilisikia bahari ikivutwa, mawe ya ufukweni yakigongana, na nilijikojolea, Kaka. Nakwambia wewe tu.

Wimbi lenyewe lilifika magotini. Lilibeba makreti ya samaki na baiskeli ya mtu, likarudi. Watu walicheka pale juu kama wanavyocheka waliosamehewa.

Jana palikuwa na kikao cha mtaa. Manispaa wanataka lango lifungwe kwa mashine kutoka ofisini, na Baba amelipinga jambo hilo tangu mwaka juzi. Alisimama akasema mashine haijui nani bado yuko nje. Mwenyekiti wetu, Bwana Kumagai, akamjibu, "Ndiyo maana tunaitaka, Mzee Gensuke. Wewe unajua mno!" Ukumbi ukacheka, kisha kila mmoja akamkumbuka wa kwake aliyechukuliwa na bahari. Mikono ikanyooshwa, mashine ikapita. Baba alivua kofia ya kikosi, akaiweka mezani mbele ya Kumagai, na tangu hapo hazungumzi ila habari za kuja kwenu.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Katika barua iliyopita nilikuhimiza mje haraka. Naomba uichane. Msije.

Naogopa, Kaka. Bahari nimeizoea kuiogopa. Ninachokiogopa sasa ni miguu yangu. Mama, mwaka ule wa wimbi kubwa, hakufa kwa kukosa mbio. Alikufa kwa kushuka kumtafuta Bibi, ambaye alikuwa ameshafika juu na anatutazama. Miaka yote hii nimemlaumu moyoni, nikisema mimi nisingeshuka. Jumanne sikupanda, nilimfuata Baba, wala sikufikiri hata kidogo. Utaniambia shule ya watoto iko kilimani. Ni kweli. Mama naye alijua Bibi ana miguu mizuri.

Nikiwaza Itsuki na Nagi wakicheza huku, nasikia vile vipaza sauti, na najiona nakimbilia chini nikiita majina yao, na Baba nyuma yangu akiniita mimi, na wewe nyuma yake. Tutafuatana hivyo hadi majini. Mkiwa Nagano, nina mtu mmoja tu wa kumtafuta, na huyo nalala naye nyumba moja. Kumhamisha haiwezekani, nimeshajaribu, amesema Mama yuko huku.

Mwambie ni kazi yako imekuzuia. Atakasirika, atakuita mwana asiye na shukrani, na utavumilia. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake nikimmiminia chai, nikikubaliana naye.

Nisalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda na atawatumia mwani mkavu. Majira ya joto nitapanda treni nije niwaone mimi, huko kwenye milima yenu. Hapa kwetu, kaka yangu, usiwalete hata kwa matembezi.

Mdogo wako,
Chizuru