Ruhusa ya Kumtafuta Kabula

Baba Nasrini,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwa Mama Pili, ng'ambo ya barabara, maana kibaraza chetu si chetu tena. Cherehani yangu nimeihamishia huku. Dukani kwako hakuna khanga wala vitenge. Aliyepanga anauza pampu, koleo na makarai ya wachimbaji, na pale ulipokuwa ukiweka birika lako la chai amepanga matairi. Nasrini alijaribu kuliendesha duka akashindwa. Usimlaumu. Alikuwa anakaa nyuma ya kaunta yako, mteja akiuliza bei ya kitambaa anashindwa kujibu, analia.

Mimi pia nimechelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu naona afadhali nishone.

Nataka nikumalizie habari ya Kabula, kwa sababu uliiacha katikati.

Miaka yote niliyoshona kibarazani kwako hukujua kwamba kabla ya Masanja nilizaa mtoto mwingine, kule Geita nilikoolewa mara ya kwanza. Kabula aliishi msimu mmoja wa mvua tu. Walimzika nikiwa hospitali, sijitambui. Baba yake alifukia jembe lililochakaa upande wa kichwani, chini kidogo ya udongo, ili mahali pajulikane hata msalaba wa mti ukioza. Halafu na yeye akafa, nami nikarudi kwetu Shinyanga. Nilikuja kukuambia haya siku ile tu shemeji yangu Luhende alipofika mjini na habari kwamba kampuni ya kutafiti dhahabu imepewa eneo lote la kijiji chao. Walikuwa wanaandikisha makaburi ili yahamishwe. Kaburi la Kabula halikuonekana. Shamba lilikuwa limelimwa kwa plau miaka na miaka, na minyaa ya mpakani ilishakatwa. Luhende aliambiwa kaburi lisiloonekana haliandikwi.

Nilikueleza huku nakanyaga cherehani, sikukutazama. Nilisikia tu kikombe kimewekwa chini.

"Mama Kabula," ukasema. Kwa watu wengine wote mimi ni Mama Masanja. "Mama Kabula, jembe si chuma? Na detekta si ipo?"

Ile detekta, Baba Nasrini. Watu walikucheka sana kwa ajili yake. Ndugu yako aliposafiri kuja kukusalimia akakuletea mashine ya kutafutia chuma ardhini, mji mzima ukasema Mhindi anatafuta mali walizoficha Wajerumani. Wewe ulikuwa unatafuta heleri na rupia, sarafu za zamani za Wajerumani, zilizoliwa na kutu, ambazo hata muuza karanga asingezipokea. Ukizipata unazisafisha kwa mswaki, unanionyesha kama mtu aliyepata mjukuu. Jumapili duka limefungwa, unanichukua kwenye pikapu tunakwenda vijiji vya Tinde, mimi nikiwa mkalimani, kwa sababu wazee wengine Kiswahili chao ni cha shida, na Kisukuma chako kilikuwa cha kupimia vitambaa tu.

Na kazi yangu kubwa ilikuwa kukuombea ruhusa. Kwanza kwa mwenyekiti, halafu kwa mwenye shamba, halafu kwa mke wa mwenye shamba, maana ulisema yeye ndiye anayelima. Unaahidi kufukia kila shimo. Unaahidi kugawana utakachopata, isipokuwa kikiwa cha kale sana, hicho utakipeleka serikalini. Unakumbuka yule mzee aliyetukatalia? Shamba lake lilikuwa limepitiwa na njia ya zamani ya misafara, ulikuwa unaliwazia wiki nzima. Alisema hapana, ukamshukuru, tukageuza gari. Nikakwambia wanawe wako mnadani na yeye macho hayaoni mbali, tungezunguka kwa nyuma. Ukasimamisha pikapu katikati ya jua.

"Kila shamba lina mwenyewe, hata kama halina uzio," ulisema. Ukawasha gari tukarudi mjini.

Upande wa Maganzo hukukubali hata kusimama kunywa soda kama mashine imo garini. Mtu mwenye kitu kama hiki karibu na almasi, ulisema, nani atamwamini kwamba anatafuta senti? Na makaburini hukuwahi kuiwasha kabisa. Kwa hiyo siku ile uliposema detekta ipo, nilijua umenipa kitu kikubwa.

Nilitaka twende kesho yake. Hukutaka. Nilikasirika, na ulijua nimekasirika kwa jinsi nilivyokuwa navuta uzi. Luhende alishasema hakuna uzio, hakuna askari, shamba ni la ndugu. Lakini wewe ulisema lile sasa ni eneo la leseni ya watu wengine. Tukikutwa na detekta mle ndani tutaitwa wezi wa dhahabu. Mashine itachukuliwa, na Kabula hataandikwa milele.

Basi tukaanza kuomba. Kwa Luhende na wazee wa ukoo, ukakaa nao kwenye vigoda, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa ofisi ya madini, ambako walikusikiliza vizuri wakasema kuhusu kaburi wao hawana la kusema, tukaonane na kampuni. Kambini kwa kampuni tuliambiwa mkubwa amesafiri. Tukarudi. Amesafiri tena. Ulikuwa umeanza kuhema ukipanda ngazi ya duka, nami nilikuona, nikakwambia tuache. Ukasema, "Mama Kabula, mtu hachoki kwa kukaa benchini."

Ukaanguka dukani, mita ya kupimia nguo ikiwa mkononi. Walikuzika siku hiyohiyo, jua halijatua. Nilikaa na wanawake, sikujua dua hata moja, nikawa naitikia tu amina.

Ruhusa ikaja baadaye. Baada ya arubaini yako kupita Luhende alinitumia salamu kwa kondakta wa basi: wamekubali. Siku moja tu, ofisa wao awepo, kisichimbwe kitu chochote mpaka yeye aone.

Nilikwenda kwa Nasrini naogopa. Alikuwa anapakia vitu vyako kwenye masanduku, na kuna mchimbaji alikuwa amekwisha kuiulizia detekta. Nilimweleza yote. Hakujua. Alidhani ilikuwa michezo ya baba yake ya uzeeni tu. Akaniuliza kama naweza kuitumia. Nikamwambia ulinifundisha pale uani kwa kufukia mkasi wangu mchangani, nikautafuta kwa sikio, wewe unacheka. Akafunga sanduku akasema, "Twende wote."

Ungemwona mwanao, Baba Nasrini. Kwenye vumbi lile, na viatu vya mjini, akiwaamkia wazee mmoja mmoja.

Ofisa wa kampuni alikuwa mtu mpole mwenye buti. Luhende alikuja na mkewe, Nkamba, ambaye ndiye aliyemfunga Kabula kitenge siku ya kuzikwa. Nikawasha mashine, nikaipitisha chini chini, taratibu, kama ulivyonielekeza. Ikalia, tukafukua, ni kizibo cha bia. Ikalia tena, msumari. Kopo la samaki. Kengele ya baiskeli. Kila ikilia moyo wangu unatoka nje, na kila tukifukua unaangukia shimoni. Jua likapanda, likaanza kushuka. Ofisa akawa anatazama gari lake.

"Mayu, mama yangu, pumzika kidogo," Luhende aliniambia.

Sikupumzika. Na karibu na kisiki cha mti uliokatwa mashine ikalia sauti nzito, ile uliyosema ni ya chuma kipana. Luhende akafukua kwa mikono. Lilikuwa jembe, limelika, limebaki kama kiganja cha mtu.

Nkamba akapiga kelele akakaa chini. Mimi sikulia. Nilikuwa nasubiri ofisa aseme kwamba jembe si kaburi, kwamba majembe yamejaa mashambani, kwamba plau inaweza kuwa imelivuta kutoka mbali. Nadhani alitaka kusema. Alituangalia, halafu akasema, "Nitaliandika, mama."

Siku ya kuhamisha walichimba hapo. Hapakuwa na kitu. Udongo tu, pengine mweusi kidogo kuliko wa pembeni, pengine ni macho yangu. Waliniambia mifupa ya mtoto mchanga haidumu miaka ardhini. Wazee wakachukua udongo ule wakaufunga kwenye shuka niliyoishona kwa mkono wangu, tukaenda kuuzika kule ulikohamia ukoo. Nkamba ananiambia ni yeye. Kila tukionana ananiambia. Mimi sijui. Nilitaka uwepo nikuulize, kwa sababu wewe usingenidanganya.

Nasrini aliniachia detekta. Yule mchimbaji alikuja kunitafuta hapa kibarazani, nikamwambia haiuzwi.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo linalonikosesha usingizi. Habari zilienea. Bibi Holo, ajuza wa kijiji kilekile, alikuja mjini kunitafuta. Mumewe alizikwa na bangili zake za shaba, na kaburi lake nalo halikuandikwa. Nilikwenda naye. Tulikuta seng'enge imeshazungushwa, greda zinapita ndani. Getini askari akasema muda wa makaburi umekwisha. Niliomba kama ulivyokuwa ukiomba, kwa adabu, kwa Kiswahili kizuri, kisha kwa Kisukuma. Akasema umekwisha.

Luhende alinivuta pembeni. Kuna mahali seng'enge imelegea, akasema, tungepita jioni wakati askari wanapopokezana zamu. Nilikuwa na mashine kwenye begi. Bibi Holo alikuwa ameshika waya, anatazama ndani.

Sikupita. Lakini sitakuficha, sijui ningefanya nini kama aliyebaki mle angekuwa Kabula. Na nilikukasirikia tena, Baba Nasrini, marehemu wa watu, nikakukasirikia kweli. Wewe uliomba ruhusa kwa kila mtu, mpaka kwa mwanamke aliyekuwa anapalilia, kwa ajili ya senti iliyooza. Wao walimwomba nani? Bibi Holo anasema kwake hakuna aliyefika kuuliza. Aliona vigingi tu, vimepigwa mpaka mlangoni pake.

Nimemwambia arudi kwa mwanawe apumzike. Mwisho wa mwezi nitakwenda naye tena, na mwenyekiti tutamchukua. Wakisema mkubwa amesafiri, tutakaa benchini.

Pumzika, Baba Nasrini. Mungu akupe nafasi pana huko. Mashine yako nitaitunza, na mikononi mwangu haitaingia kwa mtu bila hodi, hilo nakuahidi. Lakini nakuahidi na hili, hata kama wewe usingelisema: kila nitakapofika pale getini kuomba ruhusa, nitawauliza na wao waonyeshe ya kwao.

Ni mimi,
Milembe