Namna Tulishukuru Batawa ba Kanivo

Yaya Béa,

Jambo yako na ya batoto. Huku Likasi mvua haina haya: inaingia mu nyumba ya shemeji bila kupiga hodi.

Kulifika hapa kwetu Panda batawa babili ba Buda, kichwa yote ya kunyolewa, bakitoka Sri Lanka kusalimia bandugu yabo benye kutumika ku usine, ku kiwanda. Balipoona maji mu manyumba, bakakamata majembe, bakatosha taka yote mu kanivo, mufereji ya maji pembeni ya avenue yetu. Siku mbili. Sisi tulibaangalia, mikono mu mifuko.

Jumamosi tukabafanyia fete ya asante. Prezida wa kartiye, mukubwa wa mutaa yetu, akakamata mikro, akashukuru gavana, akashukuru bibi yake, akajishukuru yeye mwenyewe. Sasa, batawa bale, desturi yabo haibaruhusu kukula saa sita ya muchana ikisha kupita. Mikro ilinyamaza saa nane. Njo tukakula bukari, ile ugali yabo, na mboga yabo ya lengalenga, kwa heshima yabo. Miye nilirudilia mara mbili.

Kisha sahani za karatasi, chupa, sashe za plastiki za maji, byote tukatupa mu kanivo. Mvua ikanyesha, maji ikarudi mu nyumba.

Leo asubuhi batawa beko tena mule ndani na majembe. Prezida anasema: "Munaona? Asante yetu ilibagusa ku roho. Banarudilia!"

Nakukumbuka sana, Yaya yangu. Nitakuletea kitenge ya muzuri. Lakini tafazali, usinishukuru.

Mudogo yako,
Kalenga