Chiriku Amenyamaza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa, na shemeji ameacha kukuamuru upumzike huku akidai chai. Sisi ni wazima wa mwili, tunashukuru. Nimekukumbuka mno, hasa mchana ninapopiga pasi hapa kwa dobi na sina wa kusengenya naye wateja.

Mara mbili umeniuliza habari za Chiriku wako, na mara mbili nimekujibu habari za mvua. Basi sikia. Chiriku haongei, huu mwezi wa pili. Yule mtoto uliyekuwa ukimhonga peremende ili anyamaze, sasa akiitwa jina darasani anainua mkono tu. Anakula na begi mgongoni. Viatu havui mpaka nimvue mwenyewe akishasinzia. Mwalimu wake alidhani ni jeuri, akamsimamisha nje. Baadaye alikuja kuniomba radhi, maana alimkuta amejikojolea palepale, ameshindwa kuomba ruhusa.

Ndiye aliyetupeleka kwa mshauri wa watoto, mama mpole anayeketi sakafuni pamoja nao. Alisema koo ni zima, ila moyo wa mtoto umejaa hofu, na amewaona wengi wa namna hiyo wanaohamahama bila makazi. Akaniuliza ilianza lini. Nikasema sijui.

Dada, najua sana. Ile nyumba kubwa niliyokuandikia kuwa tumehamia ni ukumbi wa kituo cha familia zisizo na pa kukaa. Tuko familia tisa, tumetenganishwa kwa mapazia, na saa moja asubuhi sote tunatoka na mizigo yetu hadi jioni. Kwa ukubwa angalau sikukudanganya. Siku tulipofika nilimshika Chiriku mabega, nikamwambia akithubutu kusema tunalala wapi, watakuja kumchukua na hataniona tena. Niliona haya, tena niliogopa. Naye hakujua maneno yapi ni ya hatari na yapi si ya hatari, akayafungia yote. Ni mimi niliyemfunga mdomo mwanangu, halafu nikakaa mbele ya mshauri nikijifanya sijui.

Juzi jioni, tukisubiri mlango wa kituo ufunguliwe, nilimwambia kuwa nilikosea, kwamba hakuna atakayemchukua, na amwambie yeyote amtakaye. Alinitazama weee. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, akaniuliza kama na mimi nimeruhusiwa kumwambia mama mkubwa.

Nimeona nikuandikie kabla aibu haijanirudia. Nina hamu na wewe mpaka naumwa. Tupokee, dada, hata jikoni, hata kwa muda tu, apate mahali pa kuweka lile begi chini.

Msalimie shemeji. Jibu lako lipitie kwa dobi kama kawaida, usilitume nyumbani, maana anwani niliyokupa ni ya uongo.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Chiriku