Mutoto Amekingama

Baraka, siku ya ine ya juma

Yaya Gentille, mukubwa wangu,

Nakusalimia wewe na batoto huko Kazimia. Kwetu Kilembwe mvua imeanza, na Dieumerci anajua sasa kuandika jina yake.

Usishituke: nakuandikia toka hospitali. Jana nilienda kupimisha mimba. Mukunga Gatesi alinishika tumbo muda murefu, kisha akasema: "Mama Dieumerci, mutoto amekingama, amelala kwa upana tumboni. Usizalie hapa wala nyumbani. Enda Baraka leo."

Mama mukwe akakataa: "Mi nilizaa tisa ku mukeka!"

Mi nikakumbuka mama yetu, vile alikufa na mutoto ndani. Nikapanda pikipiki. Njiani tulisikia risasi, tukajificha katika mihogo. Mutoto akacheza tumboni, ndipo nikapata nguvu ya kusimama tena.

Munganga anasema watanipasua kesho asubui. Yaya, naogopa. Mama wa kitanda cha pembeni alipasuliwa juzi, ananiambia: "Utaamka na njaa tu." Nacheka naye.

Waliniletea karatasi ya kusaini, wakauliza ni nani wa kuita kama mambo yakiharibika. Bwana yangu iko kwenye machimbo ya dhahabu, simu haifiki kule. Niliandika jina yako.

Barua hii naituma na mutu wa pikipiki leo leo; kesho usiache simu mbali. Ukisikia sauti yangu, tutacheka pamoja. Ukisikia sauti ya mutu mwengine, usiulize mengi, kuja tu Kilembwe umukamate Dieumerci, umulee.

Mudogo wako,
Pulchérie