Siku Nne za Muhogo Mchungu

Kwa Mama yangu, nyumbani Wamaza,

Mama, nakuamkia kwa heshima zote, mimi mtoto wako wa pili, Amisi. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa mlangoni, jua halijawa kali, na Asumani ndugu yangu ameishika mkononi. Asumani, soma polepole, wala usiruke pale utakapoona kaka yako anajiaibisha. Nataka Mama asikie yote.

Magoti yako yanasemaje siku hizi? Mpunga wa bondeni ulikubali, au ndege waliwahi mbele yenu? Sisi huku tuko wazima: mimi, bibi yangu Zaina, na mtoto wetu Salima. Salima ameota meno ya mbele na anayaonyesha kwa kila apitaye, kama mtu aliyenunua kitu kipya Kasongo.

Mama, nilipoaga nikasema nakwenda kufanya kazi ya mbegu, watu walicheka, wakauliza ni mutu gani anakwenda mbali hivyo kufundishwa kupanda. Basi ndiyo kazi yenyewe. Tuko kaskazini, kupita Kisangani, pale msitu unapochoka na nyasi kuanza. Bwana wetu wa mbegu ni Mzungu mzee wa miwani, hana maneno mengi, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Mimi amenifanya kapita, msimamizi wa shamba la muhogo.

Shambani kuna kipande kimoja alichokataza kizungushiwe ua. Tulipanda humo muhogo mtamu na muhogo mchungu, mstari kwa mstari, tukauacha. Wakaja nguruwe wa mwitu, wakaja nungu na panya. Wakachimbua mtamu, mchungu wakauonja na kuutema. Msimu uliofuata tulipokata miti ya kupanda, ya mtamu ilikuwa haba, maana shina lililoangushwa na kutafunwa halina cha kukatwa. Msimu wa tatu kipande karibu chote kilikuwa kichungu. Tena kulikuwa na miche iliyoota yenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka, na hakuna mmoja uliofanana kabisa na mama yake. Huu mrefu, huu mwekundu shingoni, huu mchungu kushinda nyongo. Nayo vilevile wanyama waliipitia.

Nikamuuliza Bwana, "Nani alifundisha huu muhogo kujilinda?"

Akasema, "Hakuna mwalimu, Amisi. Ule mtamu, wameukula. Ule uliobaki, huo ndio umezaa."

Neno hilo nililipenda, nikatembea nalo siku nyingi, nikajiona mtu mwenye elimu. Sasa sikia elimu hiyo ilivyonifanya.

Mwaka huu mvua zilikawia, mto ukashuka, na mashua zinazoleta mchele wa posho zikakwama mchangani. Wakubwa wa kazi wakaturuhusu tule muhogo wa kile kipande, na mimi kapita ndiye niliyegawa. Kambini kwetu kuna watu wa kila upande. Jirani yangu anaitwa Birindwa, mtu wa milimani kule kwenye ziwa la Kivu. Kwao wanakula ndizi, maharage na mtama. Muhogo mchungu yeye na bibi yake Nsimire hawakuujua hata kwa jina. Wana binti mmoja, Nabintu, wa umri kama wa yule mtoto wa dada yangu anayekuletea kuni. Ni msichana mwepesi wa miguu, akitumwa mtoni anakwenda mbio na kurudi mbio.

Zaina alimenya muhogo wetu, akauloweka penye maji yanayotembea taratibu, akaweka mawe juu. Siku ya pili ikapita. Nyumba nyingine zilikwisha kutoa wao, moshi unapanda, harufu ya ugali inazunguka kambi nzima. Kwetu jiko baridi. Watu wakaanza kunitania: kapita mwenye shamba ndiye anayelala na njaa.

Nikamwambia, "Zaina, nenda kautoe. Mutoto analia."

"Haujaiva mu maji."

"Nani alikuambia lazima siku nne? Imeandikwa wapi?"

"Mama yako ndiye aliniambia. Nilipoingia kwake ningali bibi-arusi, niliutoa siku ya tatu. Akanirudisha nao mtoni, kichwani, watu wakitazama. Akasema mpaka uvunjike mkononi wenyewe, na ule uzi wa katikati utoke bila kuvutwa."

"Sababu yake?"

"Sikuuliza. Baba Salima, mimi siko na sababu. Niko na siku nne."

Mama, nilikasirika. Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya wanawake wa kijijini, kwamba mimi nakaa na Mzungu wa mbegu kila siku na hajataja siku nne hata mara moja. Zaina akampikia Salima uji wa mahindi machache tuliyokuwa tumeficha, akaenda kukaa mtoni karibu na muhogo wake, akiogopa nitautoa mwenyewe.

Jioni ileile Birindwa alikuja. Alisimama nje ya nyumba kwa adabu yake. "Kapita, bibi yangu anauliza. Huu muhogo wenu, katika maji unakaa siku ngapi?"

Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya bibi yangu, nikajibu, "Mbili zinatosha."

Akashukuru, akaenda.

Wiki zikapita, tatu, nne, kila siku ni muhogo, hakuna samaki, hakuna maharage. Kisha asubuhi moja Nabintu akaondoka na chungu chake kwenda mtoni, akaanguka njiani. Walidhani amejikwaa. Wakamwinua, akaanguka tena. Miguu ilikuwa imekakamaa kama miti mikavu. Munganga wa kambi akaja, akamgusa, akambana kwa vidole. Hakuna homa, hakuna kidonda, maumivu anayasikia, ila miguu haimtii. Siku chache baadaye wakaanguka wengine wawili katika nyumba za chini, mama mmoja na mtoto.

Bwana wa mbegu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mmekula nini, mmepika vipi. Alipofika kwetu alivua kofia, akakaa kwenye kigoda. Zaina akamwambia siku nne. Akamuuliza sababu, kama nilivyomuuliza mimi, na Zaina akamjibu vilevile, kwamba hajui, ni mama mkwe wake aliyemfundisha, naye alifundishwa na mama mkwe wake. Nilidhani Mzungu atacheka. Hakucheka. Alinigeukia, akaniambia, "Ndani ya muhogo mchungu kuna sumu. Maji yanaitoa kidogo kidogo, na jua kali la mwaka huu limeiongeza. Mama yako hakujua jina la sumu. Alijua kazi."

Akaamuru kambi nzima iloweke siku nne, na Zaina awafundishe wanawake. Mama, ungemwona! Amesimama majini hadi magotini, anashika mikono ya wanawake wa makabila sita, mmoja mmoja, anawabonyezesha muhogo. "Huu bado. Huu bado. Huu sasa, sikia mwenyewe." Tangu wakati ule hakuna mwingine aliyeanguka.

Nimefikiri sana tangu hapo. Muhogo ulipata uchungu wake kwa kuliwa na kufa. Ule usioweza kujikinga haukuacha mtoto. Huo ni urithi wa ndani ya mti, hausemwi, haufundishwi. Lakini sisi hatukuweza kuota meno mapya ya kushinda uchungu ule. Nafikiri zamani, kabla ya babu wa babu, kulikuwa na nyumba zilizoloweka siku moja na nyumba zilizoloweka nne, na hakuna aliyejua zinatofautiana nini. Ila zile za siku nne watoto wao walitembea, mabinti zao wakaolewa mbali, wakaenda na ujuzi wa mikono yao. Majirani wakatazama, wakaiga. Basi desturi ile ikaenea kama mche mzuri unavyoenea, mpaka ikafika kwako, na wewe ukamrudisha Zaina mtoni. Tofauti ni hii tu, Mama: urithi wa mti haukatiki kwa neno la mpumbavu. Wetu unakatika. Nimeukata mimi, kwa maneno mawili.

Kwa maana Birindwa hakuwahi kusema popote kwamba ni mimi niliyemwambia. Bwana alipomuuliza, alijibu, "Hatukujua." Nikanyamaza juu ya kunyamaza kwake. Mwisho Zaina, ambaye nilikuwa nimemweleza, akaniambia, "Nenda. Usitume mutu, na usipeleke kitu. Nenda na mudomo wako."

Nikaenda. Birindwa alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekuambia siku mbili. Bibi yangu alikuwa amenikataza siku ileile, nikasema kwa hasira."

Hakuinua macho. Aliendelea kuchonga, kisha akasema, "Najua. Ningesahau namna gani? Nsimire ananiuliza kila siku kwa nini siendi kukupiga. Nilimwambia, mwache aje mwenyewe. Kama hatakuja, ndipo nitakwenda."

Nsimire alitoka ndani, akanitazama, akarudi ndani. Mpaka leo hajanisalimu, na simlaumu. Birindwa akaweka chini ule mpini. Akasema munganga amemwambia miguu ile haitarudi kama zamani, na kwamba mtoto anahitaji magongo mawili, na mti mgumu uko ng'ambo ya mto. "Twende ukate," akasema. Hakusema tukate.

Nilikata. Nilichonga siku tatu, nikazungushia ngozi pale anaposhika ili asichubuke. Nabintu sasa anatembea nayo, polepole, visigino havigusi chini. Juzi nilimkuta mtoni na Zaina. Nabintu alikuwa ameshika muhogo wa mama mmoja mgeni, anamwambia kwa sauti ya kukemea kabisa, "Rudisha. Bado."

Mama, usinifiche hasira yako, mwambie Asumani aiandike. Na kuna mengine uliyotufundisha bila sababu, ya maji, ya uyoga, ya mama mwenye mimba, nami niliyasikia kwa sikio moja. Yaandikeni yote. Zaina anatarajia mtoto mwingine, atayahitaji.

Msalimie mjomba wangu mtega samaki, akiwa amerudi kutoka Nyangwe. Msalimie dada yangu mkubwa na watoto wake. Msalimie shangazi mfinyanzi, na mwalimu wangu wa chuo aliyenifundisha kalamu, mwambie mkono wake bado naufuata. Na Asumani, nawe nakusalimu, ahsante kwa kutoruka.

Kwaheri ya mbali, Mama. Nimeinama mbele yako nikingoja neno lako.

Mtoto wako,
Amisi