Mama Alibaki Barazani

Dada Rahma,

Nakuita kwa jina ulilolichagua mwenyewe, ingawa Mama akikulilia bado anasema Leokadia.

Asubuhi ile shemeji Hamisi alipotupigia kwamba umetutoka, Mama alitoka Ulyankulu na kanga ya kushindia, hata viatu hakubadili. Tulipofika kwenu Cheyo, wanawake walikuwa wameshaanza kukuosha. Mama akataka kuingia. Wifi yako mkubwa akasimama mlangoni na simu mkononi, akatuwekea sauti iliyotumwa kwenye kundi lao la WhatsApp: mzazi asiye Mwislamu haruhusiwi kumwona maiti wa Kiislamu. Mwenye sauti hakutaja jina lake wala kitabu.

Nikauliza lile swali lako la siku zote: "Nani kasema, na kalitoa wapi?"

Nikajibiwa, "Wewe Mkristo utatufundisha nini?"

Unakumbuka ulipokuwa na mimba ya mwanao Zuhura, ukaandikiwa sindano? Ilikuwa Ramadhani, sauti kama hiyo ikasema sindano zote zinabatilisha funga. Hukubishana na mtu. Ulimuuliza nesi ile dawa ni ya nini, ukaenda kwa Bi Saada, mwalimu wako wa madrasa. Naye hakukujibu siku ile. Alisema, "Sina hakika, ngoja nisome." Ukarudi umefurahi kana kwamba umeshajibiwa! Nilikucheka. Ukaniambia mtu anayekiri hana hakika ndiye wa kumwamini siku akisema anayo.

Mama hakugombana. Alikaa barazani, mgongo ukutani. Kila maji yalipomwagika ndani, alifumba macho. Nilimwomba shemeji ampigie Bi Saada, lakini simu haikupatikana, kumbe yuko ndani ya basi anarudi kutoka Nzega. Jeneza likatoka. Mama akanyoosha mkono. Wanaume wakapita.

Dada, wakapita tu.

Bi Saada alifika jioni. Aliposikia, alivua miwani. Halafu akampigia shehe aliyemsomesha, wakaongea muda mrefu, maana hakutaka kusema kwa kichwa chake peke yake. Ndipo akaja kuchuchumaa mbele ya Mama, wifi yako akiwa palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuosha kungebaki kwetu. Lakini kumwona mwanao na kumbusu paji la uso, hakuna aliyekuwa na sababu ya kukuzuia. Tumekukosesha. Tusamehe."

Nilitamani asingesema. Kaburi limeshafukiwa, ukweli wa nini tena? Lakini Mama alimshika mikono, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kumbe si dini yake iliyonikatalia."

Tangu usilimu alikuwa na hofu hiyo, dada, na hakuwahi kututamkia. Kwamba iko siku utakuwa wa watu wengine kabisa.

Siku ya kukunja majamvi, msiba ulipoisha, wifi yako alimpigia Mama magoti. Alisema aliogopa kumkosea Mungu. Mama amemsamehe. Mimi bado. Najaribu, ila nikikumbuka ule mkono uliobaki hewani najikuta nimerudi mwanzo. Shemeji anasema siku hizi mtu akituma sauti kundini, wifi ndiye wa kwanza kuuliza ni ya nani. Ni vizuri. Lakini inaniuma kwamba tumejifunza kwa uso wako, ambao Mama hakuuona.

Mama anaimba peke yake anapopalilia tumbaku, kisha anakatisha katikati ya wimbo. Simuulizi.

Zuhura anakuja kwetu likizo hii. Mama ameshamnunulia sufuria lake, na jirani yetu mzee Juma ameombwa aje achinje kuku. Kitanda nimekitandika upande wa dirisha, maana anasema anapenda kuona nje akiamka. Ana meno yako ya mbele. Akicheka inabidi nitoke kidogo.

Lala, dada yangu. Akiniuliza ulikuwa nani nitamwambia yote, na wala sitamficha kwamba ulikuwa unaunguza ugali. Nakuahidi atakua anajua ana nyumba mbili, na zote ni zake.

Mdogo wako,
Domitila